Manesi wachache wodini: mwongozo kamili wa kuhesabu kazi, kugawa zamu na kumlinda mgonjwa

Usiku mmoja tulikuwa wawili kwenye wodi ya upasuaji yenye wagonjwa 31. Kuna baba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana ule, saa 4 usiku nikampima yuko vizuri kabisa, presha nzuri, anaongea, ananiuliza ataruhusiwa lini kunywa maji. Aliyekuja kumgusa tena ni mimi mwenyewe, saa 11 alfajiri. Nikakuta shuka limelowa jasho, mikono ya baridi, anapumua mara 36 kwa dakika. Kwenye chati, kati ya saa 4 na saa 11 hakuna hata nukta moja. Alipona, ila alirudishwa chumba cha upasuaji na akalala ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, siku 9.

Ripoti ikaandikwa "uzembe wa muuguzi wa zamu". Hakuna aliyeandika kwamba usiku ule mwenzangu alisimama karibu masaa matatu na mgonjwa anayetapika damu, na mimi nilipokea wagonjwa wapya watatu, nikafunga dripu, nikatoa dawa za watu 31 na kwenda mwenyewe maabara kufuata damu. Ukiyajumlisha masaa ya kazi iliyokuwepo usiku ule na masaa ya watu wawili, hayakutani hata kidogo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhesabu masaa, na mwongozo huu ni kwa ajili ya in-charge wa wodi (nesi anayeisimamia), matroni, na hata nesi wa zamu ambaye kila siku anaambiwa "mtajipanga".

Hatua ya 1: Hesabu wagonjwa wanaopita, usihesabu vitanda

Hospitali nyingi zinahesabu wagonjwa mara moja tu, saa 6 usiku. Hiyo namba inadanganya. Wodi inaweza kuwa na wagonjwa 30 saa 6 usiku jana na 30 leo, ukadhani imetulia, kumbe katikati hapo 6 wameruhusiwa na 6 wapya wameingia, kwa hiyo siku hiyo mmehudumia watu 36. Na mgonjwa anayeingia na anayetoka ndo wanaokula muda kuliko yule aliyelala tu anaendelea na dawa zake.

Chukua daftari, kwa siku 14 mfululizo (wikiendi zote mbili ziwemo, usiziruke) andika: waliokuwepo asubuhi, mchana na usiku, walioingia na saa walizoingia, walioruhusiwa, waliohamishwa, waliokwenda upasuaji na kurudi, waliofariki. Saa ya kuingia ni muhimu sana, usiiache. Ukikuta wapya wengi wanaingia kati ya saa 9 alasiri na saa 2 usiku wakati manesi wako wengi wamejazwa zamu ya asubuhi, tayari umepata kitu cha kurekebisha bila kuomba mtu hata mmoja.

Hatua ya 2: Wapange kwa uzito wa huduma

Wagonjwa kumi wanaotembea wenyewe kwenda chooni hawalingani na wagonjwa kumi wa kiharusi wanaohitaji kugeuzwa, kulishwa na kubadilishwa. Kila mtu wodini anajua, ila kwenye karatasi za utawala wote wanaandikwa "10".

Tumia makundi matatu, usiweke mengi watu watachoka kujaza. Mwepesi: anajihudumia, dawa za kawaida, anapimwa kila masaa 4 mpaka 6 au zaidi. Wa kati: anahitaji msaada wa kuoga au kutoka kitandani, ana dripu au mrija wa mkojo au kidonda cha kusafisha, au yuko siku ya kwanza baada ya upasuaji. Mzito: hali inayumba, yuko kwenye oksijeni, anapimwa kila saa, amechanganyikiwa na anataka kushuka kitandani, au hawezi chochote mwenyewe.

Kama mnatumia NEWS2, yaani alama za tahadhari zinazojumlishwa kutoka vipimo vya uhai vya mgonjwa, kazi inakuwa rahisi, maana jumla ya 5 au 6 inataka mgonjwa apimwe angalau kila saa na daktari aitwe haraka, na 7 kwenda juu ni dharura, anafuatiliwa muda wote. Ila usitegemee alama peke yake. Mzee aliyevunjika nyonga anaweza kuwa na alama 1 tu na bado akawa anakula masaa mengi kuliko mtu yeyote wodini, kwa sababu kila kitu anafanyiwa.

Hatua ya 3: Geuza uzito uwe masaa

Hapa ndo watu wengi wanakwama kwa hiyo twende taratibu. Unahitaji kujua kila kundi linakula masaa mangapi ya nesi kwa siku nzima ya masaa 24. Usikisie. Kaa na saa mkononi, fuatilia manesi wawili watatu kwenye zamu tofauti, andika kila kazi imechukua dakika ngapi, ikiwa imefanywa inavyotakiwa. Ukipima kazi ya mtu anayekimbizana utapata muda wa kukimbizana, halafu hesabu yako itasema mnatosha.

Nitoe mfano wa wodi ya wagonjwa 30, namba ni za mfano tu weka za kwako. Wepesi 16 kwa masaa 3 kila mmoja ni 48. Wa kati 10 kwa masaa 5 ni 50. Wazito 4 kwa masaa 8 ni 32. Jumla 130. Ongeza wanaoingia 6 kwa saa 1 na wanaotoka 6 kwa nusu saa, hiyo ni 9. Ongeza kazi za wodi zisizo za mgonjwa mmoja mmoja, kukagua troli ya dharura, kuhesabu dawa zinazofungiwa kabatini, kuagiza vifaa, kupokezana ripoti, tuseme masaa 5. Tumefika masaa 144 kwa siku. Gawa kwa zamu ya masaa 8 unapata watu 18 kila siku, mfano 7 asubuhi, 6 jioni, 5 usiku. In-charge anayekaa na rosta, mikutano na barua usimtie kwenye hao 18.

Hatua ya 4: Kutoka watu 18 kwa siku mpaka idadi ya kuajiri

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kusema "tunahitaji 18" akaomba 18. Hao 18 ni wa kila siku, siku 365, na binadamu hafanyi kazi siku 365. Shirika la Afya Duniani lina njia ya kukadiria idadi ya wafanyakazi kutokana na kazi iliyopo, inaitwa WISN, na moyo wake ni huu: anza na muda ambao mfanyakazi mmoja anapatikana kweli kwa mwaka, halafu ulinganishe na kazi iliyopo. Ninachoeleza hapa ni njia ya mkato kwenye wazo hilo hilo.

Wiki 52 kwa siku 5 ni siku 260. Toa likizo ya mwaka, sikukuu, siku za kuumwa, siku za mafunzo. Kwenye mfano wangu natoa 28, 14, 8 na 5, zinabaki 205. Mara masaa 8 ni masaa 1,640 kwa mwaka kwa nesi mmoja. Sasa kazi: masaa 144 mara siku 365 ni 52,560. Gawa kwa 1,640 unapata 32. Kwa hiyo wodi inayohitaji watu 18 kila siku inahitaji watu 32 kwenye orodha ya waajiriwa, na hapo bado sijagusa likizo ya uzazi.

Kama mko 20, gawa 20 kwa 32 unapata karibu 0.63. Kwenye WISN uwiano chini ya 1 maana yake watu hawatoshi kwa kazi iliyopo, na kadri unavyoshuka ndivyo mzigo unavyokuwa mkubwa. Na watu 20 wanakupa kama 11 tu kwa siku, yaani 4, 4 na 3, ambapo mchana kila mmoja ana wagonjwa 7 au 8 na usiku ana 10. Kumbuka hizo namba. Mwongozo wa mwaka 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya afya, ulikataa kuweka namba moja ya wodi zote, lakini ulisema kuna ushahidi wa madhara kuongezeka pale nesi mmoja aliyesajiliwa anapobeba wagonjwa zaidi ya 8 zamu ya mchana. Na kwenye wale wanne wako wa asubuhi kama wawili ni wasaidizi, basi kwa kipimo hicho una manesi wawili kwa wagonjwa 30.

Hatua ya 5: Angalia ni nani wako zamu

Msaidizi wa wodi ni mtu muhimu sana, nimefanya nao kazi na wengine wameokoa watu kwa kuniita tu mapema. Lakini hawezi kubeba uamuzi wa nesi aliyesajiliwa na si haki kumbebesha. Wanafunzi pia msiwahesabu, wapo kujifunza, na anayewasimamia anapungukiwa muda. Ndugu wa mgonjwa ndo kabisa, kumlisha na kumshika mkono sawa, kuangalia dripu na kuripoti mabadiliko hapana.

Kwenye rosta zingatia haya. Usiweke wapya wawili peke yao usiku. Kila zamu iwe na angalau mmoja anayeijua wodi. Usipange jioni ikafuatiwa na asubuhi, Ulaya sheria inataka mapumziko ya masaa 11 mfululizo ndani ya kila masaa 24 na hata kama kwenu hakuna sheria hiyo mwili ni ule ule. Na zamu za kuunganisha zipungue, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004 ulionyesha manesi waliofanya masaa 12 na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano wa kukosea karibu mara tatu. Najua kuunganisha kunaziba pengo la leo, nimeunganisha sana, ila pengo linahamia kesho yake asubuhi kwenye makosa ya dawa.

Hatua ya 6: Mmeshafika zamu na hamtoshi, mnafanyaje

Mahesabu yote hapo juu hayamsaidii mtu aliyeko zamu usiku wa leo, kwa hiyo hapa naomba usome kwa makini.

Dakika 15 za kwanza ni za kupokea ripoti kitandani, sio mezani. Kwa kila mgonjwa: ni nani, hali yake sasa, kilichotokea, kinachotia wasiwasi, kinachosubiriwa. Mguse mkono, angalia dripu na mrija, angalia anavyopumua. Kupumua ndo kipimo kinachorukwa kuliko vyote na mara nyingi ndo kinachobadilika kwanza. Yule baba wangu angehesabiwa pumzi saa 7 usiku nina hakika tungemuona mapema.

Halafu gaweni wagonjwa kwa uzito. Ule mtindo wa "wewe chukua upande huu mimi ule" unaweza kumpa mmoja wazito wanne na mwingine hana hata mmoja. Wazito wasogezwe karibu na meza ya manesi kabla taa hazijazimwa, kuhamisha kitanda dakika tano kunakuokolea usiku mzima.

Kisha kubalianeni kwa sauti nini hakisubiri na nini kinasubiri. Hakisubiri: vipimo vya uhai vya wazito na waliotoka upasuaji, antibayotiki ya mwenye maambukizi makali, insulini na kupima sukari, dawa za kifafa, oksijeni, dawa ya maumivu, kumwangalia anayeongezewa damu hasa dakika 15 za mwanzo, kumgeuza asiyejigeuza. Kinasubiri: kutandika upya kitanda kilicho safi, kuoga mwili mzima kwa anayeweza kuoga baadaye, kupanga mafaili, kuhesabu mashuka, kidonda kikavu kisicho na shida. Sio kwamba hivi havina maana, ila kama kuna kitu lazima kikose kufanyika basi mchague nyie mkiwa na akili tulivu saa 2 usiku, kisije kikajichagua chenyewe saa 9 usiku.

Wakati wa kutoa dawa mtu anayetoa asiitwe kwa jambo lisilo la dharura, mwenzake apokee simu na maswali. Utafiti wa Australia wa mwaka 2010 uliofuatilia manesi wakitoa dawa ulikuta kila kukatishwa kunaongeza makosa ya kitabibu kwa karibu asilimia 12.7. Potasiamu ya mshipa, insulini, heparini (ya kuzuia damu kuganda) na dawa kali za maumivu ziangaliwe na watu wawili hata kama mmechoka vipi.

Na piga simu mapema. Mpigie matroni au msimamizi wa zamu mwanzoni, kabla mambo hayajaharibika. Usiseme "tumezidiwa", hilo neno wamelisikia mpaka halina uzito. Sema hivi: "Wodi ya upasuaji, tuko wawili kwa wagonjwa 31, watano wanatakiwa kupimwa kila saa na mmoja anatapika damu. Kwa watu wawili hatuwezi kuwapima wote kwa wakati. Naomba nesi mmoja mpaka saa 12 asubuhi, au tusipokee wapya mpaka huyu atulie. Ni saa 3 na dakika 20, naandika nimekujulisha." Halafu uandike kweli, jina la uliyeongea naye, saa, na alichojibu.

Hatua ya 7: Daftari la yaliyokosa kufanyika

Kama kuna hatua moja ya kuanza nayo leo ni hii. Kila zamu, dakika tano kabla ya kukabidhi, mnaandika kisichofanyika. Safu ni chache: tarehe na zamu, manesi wangapi na wagonjwa wangapi, kipi hakikufanyika au kimechelewa kwa muda gani, kwa sababu gani, kimemgusa mgonjwa vipi. Hamna jina la nesi hapo. Ukiweka majina tu, wiki ya pili daftari litakuwa tupu.

Mfano wa mstari mmoja: "Usiku, manesi 2, wagonjwa 31. Vipimo vya saa 7 na saa 9 havikufanyika kwa wagonjwa 11. Nesi 1 alikuwa na mgonjwa anayetoka damu saa 6 mpaka karibu saa 9. Dawa ya maumivu kitanda 14 imechelewa dakika 50." Basi, inatosha.

Kujua nini cha kuandika, NICE wametaja ishara za hatari ambazo zinafaa wodi yoyote: dawa iliyopangwa haikutolewa, dawa ya maumivu imechelewa zaidi ya dakika 30, vipimo vya uhai havikufanyika kama ilivyopangwa, mgonjwa hakuangaliwa kuhusu maumivu, choo na mkao wake, zamu imepungukiwa zaidi ya masaa 8 au robo ya muda wa manesi waliosajiliwa, au wodi ina chini ya manesi wawili waliosajiliwa. Ongeza na safari zisizo za kinesi, kupeleka sampuli maabara, kufuata dawa famasi, kutafuta machela. Sisi tulipoziandika kwa mwezi tulishtuka wenyewe, kuna zamu nesi mmoja alikuwa nje ya wodi zaidi ya saa nzima akitembeza karatasi.

Baada ya wiki nne jumlisha na uweke pembeni aliyeanguka kitandani, kidonda kipya cha kulalia, kosa la dawa, aliyepelekwa ICU ghafla. Linganisha zamu zenye watu wengi na zenye wachache. Usilazimishe namba iseme kitu, wodi moja kwa mwezi mmoja ni data kidogo. Ila ukionyesha kwamba vipimo vinarukwa sana zamu za watu wawili kuliko za watu wanne, hilo halihitaji profesa kulielewa.

Hatua ya 8: Kupeleka juu

Nenda na karatasi moja tu. Juu kabisa weka hesabu: masaa yanayohitajika, masaa yaliyopo, uwiano. Chini weka daftari la wiki nne kwa kifupi. Halafu ushahidi wa nje, na huu upo wa kutosha. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi uliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2014 wakarudia kwenye nchi 9 za Ulaya, wagonjwa zaidi ya 420,000, wakapata asilimia 7 ile ile. California, Marekani, sheria ya uwiano wa wagonjwa kwa nesi ilipitishwa 1999 ikaanza kutumika 2004, leo wodi za kawaida ni wagonjwa 5 kwa nesi na ICU ni 2. Queensland kule Australia walianza 2016, nesi mmoja kwa wagonjwa 4 mchana na 7 usiku.

Mhasibu atauliza pesa, na ana haki ya kuuliza. Mpe Queensland tena: tathmini iliyochapishwa 2021 ilikadiria kwamba gharama zilizoepukwa, kwa wagonjwa kukaa siku chache na wachache kurudi kulazwa, zilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya manesi walioongezwa.

Omba vitu kwa ngazi, usiombe kimoja kikubwa ukaondoka mikono mitupu. Kwanza visivyo na gharama kubwa: kusogeza mtu mmoja kutoka asubuhi kwenda jioni, mhudumu wa kupeleka sampuli, karani wa mafaili. Pili nafasi mbili tatu kwa kuanzia na lini. Na wakikwambia hakuna ajira kabisa mwaka huu, rudi kwenye hesabu yako uigeuze. Manesi 20 wanatoa masaa 32,800 kwa mwaka, ambayo ni kama 90 kwa siku, na kazi ya wagonjwa 30 ni 144. Masaa 90 yanatosha wagonjwa 18 au 19 wa mchanganyiko ule ule. Waulize kwa heshima na kwa maandishi: je, tupunguze vitanda, tuahirishe upasuaji usio wa haraka pale zamu inapokuwa na pengo, au utawala uandike kwamba unajua kuhusu wagonjwa 11 waliobaki na umeamua waendelee kulazwa hapa? Mimi nilipouliza hivyo mara ya kwanza kikao kilikaa kimya, halafu upasuaji wa Ijumaa ukapunguzwa kutoka sita kuwa wanne wiki hiyo hiyo. Hesabu yenyewe irudie kila baada ya miezi mitatu, na kila mara wodi inapoongezewa aina mpya ya wagonjwa.